Kengele ya simu imelia saa moja kabla ya wakati baada ya saa kusogezwa mbele: kosa liko wapi?

Swali, kutoka kwa Mkesha

Ndugu zangu, naomba msaada kwa jambo ambalo limenichanganya tangu Jumapili iliyopita. Ninaishi katika nchi mojawapo ya Ulaya ya kati, ambako saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Zamu yangu huanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa hiyo kengele ya simu nimeiweka ilie saa kumi na nusu alfajiri kila siku ninayoingia kazini, zikiwamo Jumapili mbili za kila mwezi. Kwa kuwa nilijua kwamba usiku huo tungepunguziwa saa moja ya usingizi, Jumamosi jioni nilipita nyumba nzima nikisogeza mbele kila saa niliyoiona, nikahakikisha kengele imewashwa, kisha nikalala mapema.

Kengele ililia nami nikaamka bila kusita, kioo cha simu kikionyesha 04:30. Nilipofika kituo cha basi simu ilionyesha 05:05, lakini ubao wa kituoni ulionyesha 04:05. Nikajisemea kwamba wenye ubao wao wamesahau kuurekebisha, nikasimama pale kwenye baridi nikiwalaumu kimoyomoyo, hadi basi la kwanza lilipokuja na dereva akanihakikishia kwamba hajachelewa hata dakika moja. Aliyekosea ni mimi, au tuseme simu yangu, ambayo mpaka leo iko mbele kwa saa nzima.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijui kama yanahusiana na hili. La kwanza ni kwamba programu inayonipa namba 6 za kuthibitisha ninapoingia kwenye akaunti zangu haikubaliwi tena popote. Kila namba ninayoiandika inakataliwa. La pili ni kwamba mtu akiniandikia ujumbe sasa hivi, nauona umeandikwa kana kwamba ulitumwa saa moja iliyopita. Simu si ya zamani, ina masasisho yote, na nimeizima na kuiwasha mara kadhaa bila mafanikio. Je, hii ni hitilafu ya programu ya kengele?

Jibu la Nuru

Pole, ndugu Mkesha. Hitilafu za namna hii zina historia ndefu. Mwaka 2010, saa ziliporudishwa nyuma huko Ulaya mwishoni mwa Oktoba, watu wengi wenye iPhone walichelewa kazini Jumatatu iliyofuata kwa sababu kengele zao za kujirudia zililia saa moja baada ya wakati wake, ilhali huko Australia na New Zealand, ambako saa zilikuwa zimesogezwa mbele wiki chache kabla, kengele hizo zililia mapema mno. Kabla hilo halijasahaulika, tarehe 1 Januari 2011 zile kengele za mara moja zisizojirudia hazikulia kabisa.

Chanzo cha makosa kama hayo, kwa kadiri ninavyoelewa, huwa ni jinsi kengele inavyohifadhiwa. Mwenye simu anapoagiza aamshwe saa kumi na nusu, anakusudia saa kumi na nusu ya ukutani, yaani ile itakayosomeka siku hiyo bila kujali saa imesogezwa wapi. Programu ikiigeuza amri hiyo kuwa lahadha moja maalumu mapema mno, kisha saa ikasogezwa katikati ya safari, kengele hubaki imefungamana na hesabu ya zamani. Ningekushauri ufute kengele zako zote za kujirudia na kuziunda upya. Mara nyingi hilo peke yake hutosha.

Jibu la Fundi wa Majira

Historia aliyoieleza Nuru ni sahihi, na maelezo yake kuhusu kengele ni mazuri, lakini naona hayalingani na kisa hiki. Mwaka 2010 saa ya kwenye kioo ilikuwa sahihi na kengele ndiyo iliyokosea. Kwa Mkesha ni kinyume: kengele ililia barabara pale saa ya simu iliposomeka 04:30, ila saa yenyewe ndiyo iliyokuwa imekosea. Akizifuta kengele zote na kuziunda upya mara kumi, zitaendelea kuitii saa ile ile yenye kasoro.

Yale mambo mawili aliyoyataja mwishoni, akidhani huenda hayahusiani, ndiyo yanayoeleza kila kitu. Simu haihifadhi saa kwa jinsi saa ya ukutani inavyofanya. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengana. Cha kwanza ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za maeneo yote hupimwa kutoka kwayo, hesabu ambayo ni moja kwa dunia nzima na ambayo haijui kiangazi wala kipupwe. Cha pili ni saa za eneo, yaani kanuni inayoieleza simu iongeze au ipunguze saa ngapi kwenye hesabu hiyo ili ipate saa ya mahali ulipo, na kanuni hiyo ndiyo inayojua kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi, saa ya UTC inapotimu 01:00, nchi zote za Umoja wa Ulaya husogea mbele kwa pamoja. Kwenu wakati huo ni saa nane usiku, na dakika inayofuata saa nane kasoro dakika moja inakuwa, kwa kioo, 03:00.

Sasa tazama zile namba 6. Hukokotolewa kutokana na siri iliyohifadhiwa ndani ya programu pamoja na wakati wa UTC, na kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30. Saa za eneo hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Mtu anaweza kusafiri kutoka bara moja hadi jingine, au kuchagua eneo lisilo lake, na namba zake zikaendelea kukubaliwa. Zikikataliwa zote, tena kila mahali, maana yake ni kwamba hesabu ya sekunde yenyewe imepotoka. Ujumbe nao unashuhudia vivyo hivyo: wakati wa kutumwa umepigwa na seva ambayo saa yake ni sahihi, simu yako ikautafsiri kwa kanuni iliyo sahihi, kwa hiyo ule wakati unaouona kwenye ujumbe ndio wa kweli na ule ulio juu ya kioo ndio wa uongo.

Basi nani aliigusa hesabu ya sekunde? Umeandika kwamba Jumamosi jioni ulisogeza mbele kila saa uliyoiona. Nashuku kwamba simu nayo uliiona. Tuseme ilikuwa saa tatu usiku, ukazima swichi ya kuweka saa kiotomatiki na kuandika 22:00. Simu haikuelewa kwamba unaitayarisha kwa saa za kiangazi. Ilielewa tu kwamba ilikuwa imechelewa kwa saa moja nzima, ikajirekebisha kama ulivyoiamuru. Ilipofika kile ilichokidhania kuwa saa nane usiku, ambayo kwa kweli ilikuwa saa saba, ilitimiza wajibu wake wa kila Machi na kuruka hadi saa tisa. Umesogeza wewe mara moja, ikasogeza yenyewe mara ya pili. Na kwa kuwa swichi ile ilibaki imezimwa, kuizima na kuiwasha simu hakuwezi kuisaidia, kwani hakuna mahali inapokwenda kuuliza wakati halisi.

Fungua Mipangilio, ingia kwenye sehemu ya tarehe na saa, kisha washa swichi zote mbili, ya saa na ya saa za eneo. Simu itachukua wakati kutoka kwenye mtandao wa laini yako au kwenye seva za intaneti. Usiziguse kengele, zitajipanga zenyewe. Kisha jaribu zile namba 6 kabla ya jambo jingine lolote, kwa maana hizo ndizo kipimo chako bora.

Mkesha anarejea

Nakiri mbele yenu wote. Nilianza na saa ya ukutani, nikaenda kwenye jiko, nikamalizia na simu nikiwa tayari kitandani, na kwa kweli simu iligoma mwanzoni, sehemu ya kuandika saa ikiwa imefifia, mpaka nilipoizima ile swichi. Ilikuwa inanizuia kwa faida yangu, nami nikaona ni ukaidi. Nimeiwasha sasa: kioo kiliruka kutoka 19:42 hadi 18:42 papo hapo, na namba 6 za kwanza nilizoziandika zimekubaliwa.

Naomba niongeze swali. Mama anatumia simu yangu ya zamani kama saa ya kuamkia, iko juu ya rafu, haina laini, na ni mara chache sana huunganishwa na intaneti. Mtengenezaji aliacha kuipelekea masasisho miaka mingi iliyopita. Jumapili ile ilibadilika yenyewe vizuri kabisa. Je, naweza kuiamini miaka yote?

Jibu la Karani

Unaweza kuiamini mradi serikali ya mahali mama anapoishi haijabadilisha sheria. Simu hiyo haikuuliza mtu yeyote Jumapili ile; ilisoma kanuni iliyokuwa imeandikwa ndani yake tangu siku ilipopata sasisho la mwisho, na kanuni hiyo bado ni halali. Siku itakapoacha kuwa halali, simu haitajua.

Kanuni hizo kwa sehemu kubwa hutoka katika hazina moja inayoitwa hifadhidata ya tz, iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ikiratibiwa sasa na Paul Eggert na kuhifadhiwa chini ya IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti, tangu 2011. Ni kazi ya kujitolea, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi zinazotegemewa na watu wengi bila kushukuriwa na yeyote. Kila toleo hupewa jina la mwaka na herufi. Toleo la 2022f, kwa mfano, lilitolewa mwishoni mwa Oktoba 2022 baada ya Mexico kufuta saa za kiangazi kwa sehemu kubwa ya nchi, isipokuwa baadhi ya maeneo ya mpaka wa kaskazini yanayofuata jirani yake Marekani. Jordan na Syria nazo zilikuwa zimeamua mwezi huo huo kubaki na saa za kiangazi mwaka mzima. Simu ambazo hazikuwa zimepata kanuni mpya ziliendelea kutii sheria iliyokwisha kufutwa, ndiyo maana Jumapili ya kwanza ya Aprili 2023 baadhi ya watu wa Mexico waliamka na kukuta simu zao zimeruka mbele peke yake wakati nchi imetulia mahali pake.

Hapo ndipo umri wa simu unapokuwa na maana. Kuanzia Android 10, iliyotoka mwaka 2019, kanuni za saa za eneo zinaweza kusasishwa peke yake kupitia masasisho ya mfumo ya Google Play, bila kumsubiri mtengenezaji atoe toleo zima. Simu za kabla ya hapo kwa kawaida zilizipata pamoja na sasisho kubwa la mfumo, na simu isiyoletewa sasisho kubwa hubaki na sheria za zamani milele.

Hata hivyo, simu mpya nayo haina la kufanya pale serikali inapoamua dakika za mwisho. Mwaka 2015 Uturuki iliahirisha kurudisha saa nyuma kutoka tarehe 25 Oktoba hadi tarehe 8 Novemba kwa ajili ya uchaguzi uliopangwa tarehe 1 Novemba, na simu nyingi zilirudi nyuma tarehe 25 kama zilivyozoea. Lebanon ilikwenda mbali zaidi: mnamo Machi 2023 Waziri Mkuu wa mpito, Najib Mikati, alitangaza kuahirishwa kwa saa za kiangazi hadi mwisho wa Ramadhani, siku chache tu kabla ya usiku wenyewe, baadhi ya taasisi zikakataa, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili hadi serikali ilipogeuza uamuzi wake. Fikiria simu ilivyotakiwa kuchagua upande hapo.

Yakikufika kama hayo, dawa si kuandika saa kwa mkono, kwa sababu utaharibu ile hesabu ya sekunde kama Mkesha alivyofanya. Acha swichi ya saa ikiwa imewashwa, zima ile ya saa za eneo pekee, kisha chagua eneo jingine ambalo wakati huo lina saa sawa na yenu na ambalo halina desturi ya kusogeza saa. Aliyekuwa Uturuki katika wiki zile mbili angeweza kuchagua Nairobi au Riyadh, ambazo ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima, na simu yake ingekaa sawa, kengele zake, ujumbe wake na namba zake za kuthibitisha vikiwa salama. Cha kukumbuka ni kurudisha eneo lako halisi baadaye. Simu ya mama nayo itatibiwa hivyo hivyo sheria ikibadilika.

Jibu la Bi. Zamu

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na usiku huo mmoja wa Machi na ule wa Oktoba ndio unaonihusu, kwa hiyo niongeze jambo ambalo halijaguswa. Kengele iliyowekwa saa nane na nusu usiku ina matatizo yake hata kama simu ni mpya na swichi zote zimewashwa. Usiku wa Machi, mahali ambapo saa huruka kutoka nane hadi tisa, hakuna saa nane na nusu. Dakika hiyo haipo duniani kwa eneo lile. Kuna programu ambayo italia mara saa inaporuka, nyingine italia saa tisa na nusu, kutegemea jinsi mwandishi wake alivyoamua. Usiku wa Oktoba ni kinyume: saa nane na nusu hupita mara mbili, na humo kazini ukiandika 02:30 kwenye fomu bila kueleza ni ya kwanza au ya pili, asubuhi anayepokea zamu hawezi kujua lipi lilitangulia lipi. Tumezoea kuandika kando kama ni kabla au baada ya saa kurudishwa.

Kwa jambo linalotakiwa kufanyika kila baada ya saa 8, sitegemei kengele kabisa usiku huo. Natumia kipima muda, kinachohesabu muda uliopita na hakijali kioo kinasema nini. Nikikiwasha kihesabu muda wa saa 8 kuanzia saa nne usiku wa kuamkia Jumapili ya Machi, kitalia kioo kikisomeka 07:00 na si 06:00, na hilo ndilo sahihi, kwa sababu saa 8 za kweli ndizo zimepita.

Jibu la Mratibu

Niseme kwa ufupi kuhusu sisi tunaoishi mahali ambapo saa haibadiliki lakini tuna vikao na watu wa kwingine. Tangu 2007 Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, tarehe ambazo hazilingani na za Ulaya, kwa hiyo kila Machi kuna wiki mbili au tatu ambapo New York na London hutofautiana kwa saa 4 badala ya 5, na mwishoni mwa Oktoba hutokea hivyo tena kwa wiki moja. Kikao ambacho mwenye kukiitisha amekifunga kwenye saa za mji wake kitahama kwenye kalenda yako, na simu yako haina kosa lolote. Tatizo huja pale ulipojiwekea kengele ya kawaida pembeni, kwa mfano dakika kumi kabla ya kikao: kikao kimehama, kengele imebaki. Weka kikumbusho ndani ya tukio lenyewe la kalenda, vitahama pamoja.

Mkesha anahitimisha

Nawashukuru. Jumanne hii kengele imelia, na nilipofika kituoni simu na ubao vilikuwa vimekubaliana hadi dakika. Kwenye simu ya mama nimeacha swichi zote mbili zikiwa zimewashwa, na nimeandika kikaratasi nyuma ya kifuniko kinachosema saa isiguswe kwa mkono, ibadilishwe eneo tu. Saa ya ukutani na ya jiko ndizo nitakazoendelea kuzisogeza Oktoba. Simu nitaiacha ilale.